Lenzi ya kukunja mara 10, ile ya mabroka wa madini: rivyu yangu baada ya kuzunguka nayo kwenye mawe ya Moshi na Arusha

Nikiulizwa na mtu anayetaka kuanza kujifunza mawe na visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe) vya huku kwetu kaskazini anunue nini kwanza, jibu langu ni moja, lenzi. Sio nyundo, sio buti za bei mbaya. Lenzi ndogo ya kukunja, ya kioo, inayokuza mara 10, ile ile ambayo mabroka wa tanzanite wanatembea nayo mfukoni. Ya kwangu niliichukua mjini Arusha kwenye duka linalouza vifaa vya masonara kwa elfu 35, haina jina la kampuni, pembeni imeandikwa tu mara 10 na milimita 18 (upana wa kioo) basi, na nimekaa nayo kiangazi na masika nikizunguka nayo Moshi, Arusha, Monduli mpaka kule chini bonde la ufa, kwahiyo naona sasa naweza kuisema vizuri.

Kwanza niseme kwanini sio nyundo maana hapa ndo watu wanabisha sana. Visukuku Tanzania ni mali ya taifa, kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya tangu 1964, huruhusiwi kuchimba wala kuondoka na kisukuku bila kibali hata kama umekikuta kwenye shamba la babu yako. Na mi naiunga mkono kwa moyo wote, kwasababu mfupa ukishang'olewa pale ulipolala umepoteza sehemu kubwa ya habari yake, hujui tena ulikuwa tabaka gani, chini ya majivu gani, ulilala na nini pembeni. Ukiwa na nyundo mkono unakuwasha, unataka kugonga tu. Ukiwa na lenzi unapiga magoti, unaangalia, unaacha kitu mahali pake unaondoka. Alafu ukifuatilia vitu vikubwa vilivyopatikana huku kwetu utaona vingi vilianza na jicho la mtu anayetembea taratibu. Olduvai tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey alikuwa anapita kwenye mteremko, mume wake Louis yuko kambini anaumwa, akaona mfupa umetokeza kwenye udongo uliooshwa na mvua, kusogea akaona meno, ndo lile fuvu la Zinji (kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu) ambalo dunia nzima inalijua. Laetoli 1976 watafiti walikuwa wanarushiana mavi ya tembo yaliyokauka, mmoja katika kukwepa akajikuta yuko chini anaangalia nyayo za wanyama zilizoganda kwenye majivu, na nyayo zenyewe za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zikaja kuonekana 1978. Zile za Engare Sero karibu na Ziwa Natron, zaidi ya 400 za watu, aliyeziona kwanza ni mwanakijiji wa pale pale. Macho jamani, macho.

Sasa kifaa chenyewe. Ndani ina vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja na hii ndo sababu ya kuilipia. Lenzi ya kioo kimoja inakuwekea rangi rangi pembeni ya kila unachokiona na mistari inapinda, hii ya vioo vitatu inarekebisha yote mawili. Ukienda dukani beba daftari la hesabu la mtoto lile la viboksi, angalia kupitia lenzi, kama viboksi vya pembeni vimenyooka sawa na vya katikati na hakuna zambarau wala njano kwenye ukingo wa mistari, toa hela. Ya kwangu imenyooka karibu mpaka mwisho, ule ukingo kabisa ndo unafifia kidogo, nimekubali kwa bei hiyo.

Na usidanganywe na namba zilizoandikwa. Hesabu yake ni nyepesi, chukua sentimita 25 gawanya kwa ukuzaji unapata umbali ambao lenzi inatakiwa ione vizuri, kwahiyo ya mara 10 lazima jiwe liwe sentimita 2 na nusu hivi, ya mara 40 ungetakiwa uwe chini ya sentimita 1, pua inagusa jiwe. Pale dukani kulikuwa na nyingine ina taa na maandishi makubwa ya mara 40 kwa elfu 15, muuzaji anaisifia kweli kweli, nikaijaribu palepale kwenye daftari, inaona vizuri kwenye sentimita 5, yaani hiyo ni mara 5 tu na kioo chenyewe plastiki. Nikamrudishia.

Mara 10 inatosha kabisa. Ndo ukuzaji unaotumika dunia nzima kupanga usafi wa almasi, na wanajiolojia wengi ndo wanayobeba shingoni. Ukipanda mara 20 eneo unaloliona linakuwa dogo, mwanga unapungua, mkono ukitetemeka kidogo umepoteza ulichokuwa unaangalia, kwa anayeanza inakatisha tamaa.

Kuishika nako kuna namna yake na hapa ndo wengi wanasema lenzi mbovu kumbe nzima. Mtu ananyoosha mkono, lenzi anaiweka juu ya jiwe, kichwa kiko mbali, anaona ukungu. Haiendi hivyo. Lenzi inakaa jichoni, karibu iguse kope, mkono umeegemea shavu ili usitetemeke, alafu jiwe ndo unalileta taratibu mpaka lionekane kali. Macho yote mawili wazi, ukifumba moja baada ya dakika kumi kichwa kinauma. Simama jua likupige kwa ubavu sio kwa nyuma, kichwa chako kisifanye kivuli. Na beba kachupa ka maji, jiwe kavu lina vumbi halisemi kitu, ukilowesha rangi zote zinatoka.

Sehemu ya kwanza ya maana kuitumia ilikuwa Moshi kwenye marundo ya kokoto. Ukitaka kujua Kilimanjaro imetengenezwa na nini huna haja ya kulipa hela za kupanda, mito imeshakushushia mlima hapa chini. Kuna mama anagonga kokoto kando ya barabara, upande wa chini wa mji, nikamwamkia shikamoo mama, akasema marahaba mwanangu, unatafuta dhahabu? Nikamwambia hapana mama, naangalia tu mawe yalivyo ndani, akacheka akanisogezea ndoo nikae. Akapasua moja la kijivu cheusi na ndani limejaa vipande vyeupe vina umbo la uru wa kwenye karata, vingine virefu kama sentimita 2. Hizo ni fuwele za madini yanayoitwa feldispa. Zilikua taratibu wakati lava bado iko chini ndani ya mlima, alafu lava ikatoka juu ikapoa haraka ikazigandisha humo humo, ndo maana unaona vitu vikubwa vyeupe ndani ya kitu cheusi laini ambacho hata kwa lenzi chembe zake huzioni vizuri. Kwa lenzi pale fuwele ilipopasuka unaona ngazi ngazi ndogo bapa, ukigeuza jiwe kidogo zote zinawaka kwa pamoja, ukigeuza tena zote zinazima, na ndani yake kuna nukta nyeusi zilizonaswa wakati inakua. Nikampa mama lenzi, nikamwonesha ya kuishika, akatazama muda mrefu bila kusema, alafu akaniambia yeye haya yenye madoa meupe anayapenda maana yanapasuka kwa kufuata doa, yale meusi matupu ndo yanarusha vipande machoni. Ni kweli kabisa, feldispa ina njia zake za kupasukia na nyundo inazifuata. Sijawahi kuelezewa vizuri namna hiyo.

Mawe ya hivi, yenye fuwele za umbo la uru, yanajulikana sana Oslo kule Norway, na huku kwetu yanatoka kwenye lava za Kibo. Shira ndo kilele kikongwe kwa umri katika vile vitatu vya Kilimanjaro, Mawenzi kikafuata, Kibo ndo mdogo wao ingawa ndo mrefu kuliko wote, mita 5,895. Kwa mtu wa Moshi hii ni elimu iko mlangoni, fensi za mawe, misingi ya nyumba, mito, kila mahali.

Arusha mambo ni tofauti kwasababu Meru ni mlima wa aina nyingine. Ukiutazama kutoka upande wa mashariki unaona umekatika ubavu, ulishaporomoka zamani na kifusi chake kikatandaa mbali sana, vile vilima vidogo vidogo na maziwa ya Momella ni matokeo ya kifusi hicho. Na mlima haujafa, ulitoa majivu mara ya mwisho 1910, kuna wazee wetu walisimuliwa na waliouona. Lava zake nyingi hazina madini ya kwatsi hata punje, zina madini ya nefelini na jamii zake, yenye sodiamu nyingi, na pia zina floraidi, ambayo maji yanapopita kwenye mawe yanaibeba mpaka kisimani. Yale meno ya kahawia ya watu wa Arusha na Meru ambayo tumezoea kutaniana nayo shuleni chanzo chake kiko kwenye haya mawe, na kwenye magadi pia. Chukua magadi ya kupikia makande ile bonge lenyewe, livunje uangalie kwa lenzi, utaona fuwele ndefu nyembamba zimepangana upande upande zinang'aa, nzuri mno kuangalia, lakini magadi ya kuokota huku kaskazini yana floraidi na watafiti walishaonesha yanachangia hayo meno, kwahiyo wenye watoto wadogo punguzeni kwenye makande. Nimetoka nje ya mada kidogo ila hili lina uzito kwangu, jiolojia ya huku iko mpaka kwenye sufuria.

Turudi. Moramu ile nyekundu inayomwagwa barabarani Arusha, kila mtu anaikanyaga hakuna anayeiangalia. Ni povu la lava. Vile vitundu ni gesi ilikuwa inatoka, kwa lenzi unaona ukuta wa kila kitundu umelainika, una kama glezi, na kwenye moramu ya zamani vingine vimejaa kitu cheupe. Hapo chukua siki ya jikoni, kwangua kidogo hicho cheupe kwa kisu kiwe unga, dondosha tone alafu weka lenzi haraka. Kama ni kalisaiti, yaani madini ya chokaa, utaona viputo vidogo vinapanda kimoja kimoja, siki ni dhaifu kwahiyo kwa macho matupu unaweza kusema hakuna kitu, lenzi ndo inakwambia ukweli. Kama haitoi kiputo pengine ni zeolaiti au kingine. Watoto wa kwa dada walikaa na hili zoezi mchana mzima, siki yote ikaisha.

Kitu kilichonifanya niseme hii elfu 35 imerudi yote ni Lashaine, kale kavolkano kadogo kazamani upande wa Monduli. Wanajiolojia wa nje wanakajua kuliko sisi tunaopita barabarani. Kalipolipuka kalibeba vipande vya mwamba kutoka kwenye tabaka lililo chini ya ukoko wa dunia, vingine kutoka kina cha zaidi ya kilomita 100, kakavirusha juu vikiwa vizima. Nilienda na mwenyeji wa kule, tukaomba ruhusa kwanza maana ni maeneo ya watu na mifugo yao, na mzee aliyetupokea akatuelekeza mwenyewe wapi kuna mawe mazito ya kijani. Ukilishika tu unajua, zito kuliko ukubwa wake. Kwa macho ni kijani iliyopauka, chembechembe kama sukari guru. Kwa lenzi jamani, kila chembe ni kama kioo cha kijani, ni madini ya olivini, imevunjika kwa mkunjo mkunjo haina ngazi kama ile feldispa, katikati kuna punje za kijani kilichoiva sana za piroksini, na ukibahatika unakuta punje ya ganeti nyekundu ya zambarau imezungukwa na kapete keusi, hicho kapete ni pale ganeti ilipoanza kuharibika ilipotoka kwenye mgandamizo wa kule chini kuja juu. Kukaa porini Monduli ukaangalia kitu kimetoka kilomita 100 chini ya miguu yako, na hujalipa hata kiingilio. Nililiacha pale pale juu ya jiwe lingine ili anayekuja alione.

Visukuku sasa, maana najua ndo wengi wanachotaka. Niwe mkweli, Moshi mjini na Arusha mjini usitegemee visukuku vingi, tumekaa juu ya lava na matope ya volkano, mfupa hauhifadhiki kirahisi humo. Visukuku viko kule ambako zamani kulikuwa na ziwa au mto na majivu yakafunika taratibu, yaani bonde la ufa, Olduvai, Laetoli, Peninj upande wa Natron ambako 1964 Kamoya Kimeu aliona taya la jamii ya Zinji, mabonde ya Manyara upande wa Makuyuni, na Minjingu.

Minjingu wengi wanaijua kwa mfuko wa mbolea tu. Ile fosfeti inatoka kwenye kilima ambacho zamani kilikuwa kisiwa, Ziwa Manyara lilikuwa kubwa zaidi ya sasa, ndege wakawa wanazaliana pale kwa vizazi na vizazi, kinyesi chao na mifupa yao na samaki waliokuwa wanakula vikarundikana mpaka vikawa mwamba. Mifupa ni ya mnandi kwa wingi. Ni eneo la mgodi kwahiyo huingii hovyo, mimi nilioneshwa bonge la mawe hayo na mtu anayefanya kazi za huko, tukaliangalia mezani. Na hapa lenzi inafanya kitu ambacho jicho peke yake haliwezi. Mfupa wa ndege unaonekana kama kijiti cha njano ya kahawia, unaweza kusema ni mzizi. Weka lenzi kwenye sehemu iliyovunjika, unaona ukuta mwembamba wa nje umebanana, ndani uwazi una vijiti vidogo vidogo vinavyoshikilia kuta, ndo mfupa wa ndege ulivyo ili awe mwepesi. Mfupa wa mnyama ukuta ni mnene na ndani kuna vitundu vya sponji. Jiwe la kawaida hata lifanane na mfupa kiasi gani halina huo mpangilio, ni chembe tu au matabaka. Hilo ndo swali la kwanza la kila mtu anayeniletea picha, huu ni mfupa au jiwe, na jibu liko kwenye vitundu.

Kuna pia mawe ya matabaka membamba kuzunguka Manyara na Natron, yalijengwa na vijidudu vya majini tabaka juu ya tabaka, yanaonekana juu sana kuliko maji ya leo yalipo. Ukiyaona ujue maji yaliwahi kufika pale. Kwa lenzi kila tabaka ni nyembamba kama karatasi, nyeupe, kijivu, nyeupe, kijivu. Ukiwa ndani ya hifadhi usiokote hata kokoto, hilo liko wazi.

Olduvai nilienda na lenzi nikidhani nitaitumia sana kwenye mabaki, kwenye yale makumbusho mapya ya 2017 vitu viko ndani ya kabati za vioo kama inavyotakiwa, kwahiyo humo ndani ni kutembea na kusoma, na panastahili muda wa kutosha sio kupita mbio kuwahi kreta ya Ngorongoro. Kazi ya lenzi ilikuwa nje, tena kwa ruhusa ya muongozaji, kwenye kipande cha majivu yaliyoganda kilichokuwa njiani. Ndani ya ule unga wa kijivu kuna fuwele ndogo ndogo safi za feldispa, jamii ile ile ya kwenye kokoto za Moshi ila ndogo. Na hizi ndo saa yenyewe. Zina potasiamu, sehemu yake kidogo sana inageuka kuwa gesi ya argoni kwa mwendo usiobadilika, gesi inanaswa ndani ya fuwele, wakaipima, na mwaka 1961 wakatangaza lile tabaka la Zinji lina miaka kama milioni 1 na laki 7 na nusu. Kabla ya hapo watu walikuwa wanakisia namba ndogo mno. Muongozaji wetu alikuwa hajawahi kuziona kwa lenzi, alibaki nayo muda mrefu, kila mgeni wa kundi letu akawa anapewa zamu.

Kama huna nauli ya kufika huko, nenda Boma pale Arusha, Makumbusho ya Elimu Viumbe, jengo la Mjerumani la 1900, wana sehemu ya chimbuko la binadamu na kwa anayeanza ndo pa kujua unatafuta nini kabla ya kwenda porini. Na ukikuta kitu unachohisi ni kisukuku popote pale ndo pa kupeleka taarifa, au kwa afisa utamaduni wa wilaya. Taarifa, sio mfupa. Piga picha ukiweka sarafu ya mia mbili pembeni ili ukubwa ujulikane, piga nyingine ya mbali inayoonesha korongo, chukua lokesheni kwenye simu, ondoka. Lenzi hii hii ukiishikiza mbele ya kamera ya simu unapata picha ya karibu safi kabisa, inabidi tu uzoee kushika vyote viwili, ndo picha zangu zote ambazo watu wanaulizia kamera gani.

Faida nyingine ambayo sikuinunulia ni kugundua mawe feki. Binamu yangu aliuziwa mtaani kijiwe cha bluu akaambiwa tanzanite, kwa lenzi ndani kuna viputo vya duara vimetulia, hiyo ni glasi, jiwe la asili linakuwa na nyufa, nyuzi, vichembe, sio viputo vya duara safi namna hiyo. Hela ilishaenda lakini angalau hakuongeza la pili.

Mabaya yake. Skrubu inayoshika lenzi na kava inalegea, kila baada ya safari mbili tatu nakaza kwa bisibisi ya saa, usipoangalia inadondoka kwenye majani hutaiona tena. Ile rangi ya kung'aa ya nje imeanza kubanduka pale kidole kinapokaa. Kimfuko cha ngozi kilichokuja nayo kilichanika mapema sana, nimeshonewa kingine cha kitenge na fundi cherehani kwa buku mbili na kinafanya kazi vizuri zaidi. Kitundu cha kamba kina ncha kali kilikata kamba ya kwanza, pitisha msasa kidogo. Na kwa mtu anayevaa miwani milimita 18 ni ndogo, mama yangu alihangaika nayo, kama ni wewe tafuta ya milimita 21 hata kama utaongeza elfu kumi, inaruhusu macho kupumua.

Kuitunza, adui ni vumbi la Makuyuni na Kisongo. Lile vumbi lina chembe ngumu za volkano, ukifuta na tisheti kavu umekwangua kioo mwenyewe. Puliza kwanza, mwagia maji, ndo ufute na kitambaa laini. Usiiache kwenye dashibodi ikiwa wazi juani, inakusanya mwanga na inaweza kuunguza kitu, ikunje ndani ya kava.

Kwa upande wangu naipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja imebaki kwenye skrubu na kimfuko. Moshi sijaiona madukani, nimeulizia kwa masonara kadhaa wakasema wanaagiza Arusha, kwahiyo ni bora upande Kosta uende ukachague mwenyewe na daftari lako la viboksi mkononi kuliko kuagiza bila kuona. Ukishaipata anza na rundo la kokoto lililo karibu na kwako, msalimie mwenye rundo, mwombe akupasulie jiwe moja, na ukigonga mwenyewe vaa miwani ya plastiki maana vile vipande vyeusi vinaruka kweli.